Mlenda Ndani ya Kiini

Nyemo aliposhuka kwenye pikipiki hakuwa na maneno mengi, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi, maana kaka yangu huyo kwa kawaida huanza kuongea akiwa bado getini. Alinikabidhi kopo la plastiki lililowahi kuwa la siagi, akasema, "Nimelikuta nyuma ya mtungi wa Mama. Nadhani ndilo la mwisho," kisha akaomba maji ya kunywa. Arobaini ya Mama ilikuwa imepita. Nilifungua kifuniko pale pale mlangoni, harufu ikanipiga usoni: majani makavu, jua, moshi kidogo. Ulikuwa mlenda mkavu wa Mama, ule aliouchuma, akauanika na kuutwanga mwenyewe. Nilifunga haraka kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta kuna mtu ndani.

Tangu siku hiyo kopo lilikaa juu ya kabati la jikoni kwangu hapa Nkuhungu, na mimi nikawa nalizunguka tu. Binti yangu Wema aliniuliza kama ile si mboga. Ni mboga, mwanangu, lakini ikiisha imeisha, na aliyeitwanga hayupo tena. Nikiosha vyombo nalitazama, na mawazo yananirudisha nyumbani Mkonze, mwaka ule niliokuwa darasa la sita, mwaka nilioamini kwa moyo wangu wote kwamba binadamu kwa ndani amejaa mlenda. Msinicheke. Au chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Kwanza niseme wazi: Mama hakunizaa. Halikuwa siri, wala hakuna aliyelinong'ona. Mimi mwenyewe nililijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Aliyenizaa alikuwa mpangaji kwenye chumba cha uani. Baba yangu alikuwa ametangulia kufariki, na yeye akaugua akamfuata nikiwa bado natambaa. Mama Nyemo, mwenye nyumba, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, alinibeba mgongoni siku ya mazishi na, kwa maneno yake mwenyewe, "sikuona pa kukushusha." Yeye alikuwa Mgogo, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya wa kupendeza. Mimi watu wangu ni Wasandawe wa Chemba, maji ya kunde, na macho yangu ni madogo, nikicheka yanafumba kabisa. Bombani wanawake walipenda kumwambia, "Mama Nyemo, huyu hajakufanana hata ukucha!" Naye alikuwa na jibu lake: "Ukucha si wa kukata tu? Utaota mwingine."

Jambo la pili ni kwamba nilikuwa siupendi mlenda. Hebu fikiria, nyumba inayoishi kwa mlenda! Mvua zikinyesha Mama alikuwa shambani kila siku akichuma majani, anayatandaza kwenye turubai, yakikauka anayatwanga na kuyachekecha, anapeleka Soko la Majengo. Na nyumbani, ugali wa uwele na mlenda, leo, kesho na keshokutwa. Mimi nilikuwa nachota pembeni pembeni, nasubiri siku ya maharage kama watu wanavyosubiri Krismasi. Kilichonishinda ni ule utelezi. Ukiinua tonge, mlenda unavuta uzi kutoka bakulini mpaka mdomoni, na kazi ya mlaji ni kuukata uzi huo bila kujipaka kidevu. Kwetu hakuna anayefundishwa namna ya kuukata. Kila mtu anajikuta na mkono wake. Nyemo alikata kwa kuinua tonge juu kabisa, utadhani anaonyesha paa. Mama alichovya, akazungusha tonge kidogo, kisha kidole chake kidogo kikapita kwenye ukingo wa bakuli, na uzi ukawa umekwisha. Sikuwahi kuona mtu mwingine akitumia kidole kile.

Sasa siku moja simu ya Mama ikalia akiwa kwenye kinu. Mikono ilikuwa na unga, akaniambia nibonyeze niweke sauti ya nje. Alikuwa kaka yake marehemu baba yangu, Baba mkubwa, ambaye nilikuwa nimesikia tu kwamba yupo. Alikuwa mtu wa heshima, alisalimia kwa kirefu, akauliza hali ya mvua, ndipo akasema, "Mama Nyemo, mmemlea mtoto wa mdogo wangu, Mungu awalipe. Sasa amekua. Mavuno yakiisha nitakuja kumchukua, akae kwao. Damu ni yetu."

"Sawa, kaka," Mama akajibu. "Karibu sana."

Nilikata simu. Mama akaendelea kutwanga unga ambao ulishalainika zamani.

"Mama, nitaenda?"

"Wana haki yao, Salome. Mimi kwako si ndugu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Lakini mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo nikilia kwa hasira. Si ndugu! Mtu aliyenitoa funza vidoleni na kunilisha uji nikiwa na surua, halafu si ndugu? Nilitaka kujua hiyo damu wanayoisema iko wapi hasa, na nani ameiona.

Ndipo akaingia Mwalimu Tumaini. Alikuwa kijana, ametokea Moshi, na alikuwa na ugonjwa wa kufundisha kupita kitabu. Kitabu kilisema seli ina kiini, basi; wanafunzi wachore, waandike majina, kengele ilie. Yeye alichora duara kubwa ubaoni, akasema hiyo ni seli, mojawapo ya chembe ndogo sana ambazo mwili wote umejengwa kwazo. Ndani akachora duara dogo, kiini. Halafu akailaza chaki, akaanza kupaka ndani ya lile duara dogo mpaka likawa jeupe lote.

"Humu si tupu," alisema. "Mnaona watu wanachora kiini kama chumba kisicho na kitu. Si kweli. Humu mmejaa ute. Si maji, na si kitu kigumu. Ni mzito, unateleza."

"Kama mlenda, Mwalimu!" mmoja akaropoka kutoka nyuma.

Darasa zima likaangua kicheko, maana kila mtu alijua Mwalimu Tumaini mlenda ulikuwa umemshinda. Alikuwa akikaribishwa chakula anasema ameshiba. Lakini hakukasirika. Alisimama na chaki yake akifikiri, akasema, "Eeh. Haswa. Kama mlenda." Kisha akanitazama mimi, kwa kuwa nilitoka nyumba ya mlenda. "Salome, kesho niletee kidogo."

Mama alicheka aliposikia mlenda unaitwa shuleni, akaupika vizuri kama wa mgeni. Mwalimu aliumimina kwenye chupa nyeupe ya kioo, akatoa mfukoni nyuzi nyeusi za kushonea alizokuwa amezikatakata, akazitumbukiza, akakoroga kwa kalamu, akainua chupa dirishani. Jamani! Nyuzi hazikuzama. Zilining'inia mle katikati, nyingine zimejikunja, nyingine zimenyooka, kila moja na mahali pake, na mwanga wa kijani ukipita kati yake. Sijawahi kuuona mlenda ukiwa mzuri namna ile.

"Nyuzi hizi ndizo zinazobeba urithi," alisema. "Pua yako, kimo chako, rangi yako. Nusu zimetoka kwa mama, nusu kwa baba. Lakini watu wakisikia hivyo wanakimbilia nyuzi. Mimi nataka mtazame ute. Uondoe ute, nyuzi zitalundikana chini kama nguo zisizokunjwa. Ute ndio unaozishikilia, na kila kinachozifikia kinapita humo."

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, na ute wenyewe unatoka wapi?"

"Mwili unautengeneza, kutokana na chakula tunachokula."

"Na mtu anaweza kupimwa ikajulikana ni wa nani?"

"Hospitali kubwa wana kipimo cha vinasaba. Wanachukua mate kidogo tu, wanachunguza kilichomo ndani ya kiini, wanajua mtoto huyu wa nani."

Wenzangu, mtoto akishapewa vipande hivyo, kazi ya kuviunga haimhitaji mtu mzima. Ute unatokana na chakula. Chakula cha Mama ni mlenda. Mlenda wa Mama unavuta nyuzi, nimeziona kwa macho yangu tangu nizaliwe. Kwa hiyo mtu akiula kwa wingi, kutoka bakuli moja na Mama, nyuzi za Mama zitaingia, zitajaa, na siku ya kupimwa hospitali wenyewe watasema. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Kilichoniumiza ni kufikiri miaka yote ile niliyoipoteza nikisubiri maharage.

Nilianza jioni ile ile. Nilivuta kigoda nikakaa karibu na Mama, nikachovya. Koo lilikataa, nikalilazimisha. Asubuhi nikaomba kiporo. Mchana nikitoka shule nakwangua sufuria. Mama alinitazama siku ya kwanza, ya pili, akamwambia Nyemo, "Huyu ana minyoo," nikanyweshwa dawa. Niliinywa bila ubishi, ila nilikaa na hofu kwamba itaniondolea na nyuzi.

Na nilifanya uchunguzi, msidhani nilikuwa naamini tu kama kipofu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kile kipande cha kioo cha uani nikitafuta mwanya. Nilijaribu kupitisha njiti ya kiberiti katikati ya meno, ikagoma. Nyemo, ambaye alikuwa sekondari na alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, aliniambia ukidondosha tone la maji kwenye kamera inakuza vitu. Basi nikakwangua shavu kwa ndani na kijiko, nikapaka kwenye kipande cha chupa, tukakishikilia juani.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Wingu."

"Angalia vizuri."

"Wingu, na kitu kirefu cheusi."

"Uzi!" nikaruka.

"Unywele wako huo. Hivi wewe umepandwa na nini siku hizi?"

Sikumwambia. Niliona nikilisema litaharibika. Kulala kwangu, kula kwangu, kote kulikuwa kusubiri mwanya uote. Wakati huo huo Mama naye alikuwa na kazi zake za kimya kimya. Alishona vifungo vya sare yangu, akafua magauni yangu yote hata yale safi, akayapiga pasi, akayapanga kwenye begi jipya la kitambaa. Siku moja nilichungulia ndani. Juu ya nguo alikuwa ameweka kifuko cha mlenda mkavu, amekifunga mafundo, akakizungushia kitenge chake kisimwagike. Nilirudisha zipu taratibu, nikaenda jikoni nikala.

Baba mkubwa alifika wakati wa upepo, ule upepo wetu wa kipindi cha baridi unaozoa vumbi la Mkonze lote na kulipeleka machoni mwa watu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na galoni la asali mkononi. "Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo cha kuokoteza, mpaka Nyemo akatazama chini asicheke. Mimi sikucheka. Macho yangu yalikuwa yananitazama kutoka kwenye uso wa mtu mwingine. Sikuwahi kufanana na mtu yeyote maishani mwangu, na ghafla huyu hapa, akitabasamu macho yanafumba.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga. "Mdogo wangu kabisa," akasema, na sauti ikamkatika. Nilimpenda pale pale, na hilo liliniudhi sana.

Mama alikuwa amechinja kuku. Mimi nilikuwa nimelia tangu asubuhi kwamba mlenda lazima uwepo, akaupika ili ninyamaze. Tulinawa, tukaketi mkekani sote wanne, mabakuli katikati, begi langu likiwa limesimama mlangoni. Baba mkubwa, kwa adabu, alianza na mlenda badala ya kuku. Kwao pia wanaula. Aliukata uzi kwa kidole gumba, upesi, kazi safi. Walizungumza habari za mavuno, na basi la kesho linaondoka saa ngapi. Saa ya basi ndiyo iliyonishinda.

"Baba mkubwa," nikasema, "kabla ya basi twende hospitali nikapimwe."

Mama akaacha kutafuna. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nipimwe ndani ya kiini. Mimi ute wangu ni wa Mama."

Basi nikamwaga yote. Niliwaeleza seli, na kiini, na chupa ya Mwalimu Tumaini, na nyuzi zinazoning'inia. Nikawaeleza kwamba zamani nilikuwa sili lakini sasa ninakula asubuhi, mchana na jioni, na kama mwanya bado ni kwa sababu nimeanza kwa kuchelewa, wanipe muda. "Baba mkubwa, ulisema damu ni ya kwenu, na sikatai," nikamalizia huku kamasi zikinitoka. "Lakini ute si wa kwenu. Ute ni wa hapa. Wakipima watakuta mlenda wa Mama tupu."

Nyemo alianza kucheka, akamwona Mama, akaacha. Mama alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya khanga na mabega yanatikisika. Ndiyo siku niliyojua kumbe naye alikuwa analia muda wote ule, ila alikuwa analilia kwenye pasi na vifungo.

Baba mkubwa hakucheka hata kidogo. Alifikiri sana, kisha akasema, "Hebu kula nikuone." Alidhani nasema uongo, nilivyoelewa mimi, kwa hiyo nikamwonyesha. Nilikata tonge kubwa, nikachovya, nikala. Nikachovya tena, nikala.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Kufundisha nini?"

Alikuwa anautazama mkono wangu, na Mama naye amefunua uso anautazama, hata Nyemo. Nikautazama na mimi. Kidole changu kidogo kilikuwa bado kimegusa ukingo wa bakuli.

"Sisi tunakata kwa gumba," Baba mkubwa akasema polepole, akimwambia Mama. "Baba yetu alikata kwa gumba. Marehemu mdogo wangu alikata kwa gumba. Huyu nimemwona uso, nikasema nimempata ndugu yangu. Sasa naona mkono."

"Sijamfundisha, kaka," Mama akajitetea, kana kwamba amekamatwa na kitu. "Haki ya Mungu sijamfundisha."

"Najua." Alijifuta vidole, akavuta sahani ya kuku, akamwekea Mama firigisi, ile ambayo Mama alikuwa amemtengea yeye mgeni. "Mama Nyemo, nilikuja kumchukua yatima. Hapa simwoni."

Aliondoka na basi la kesho yake akiwa na kifuko cha mlenda kilichotoka kwenye begi langu. Sharti lake lilikuwa moja, niende kwao kila likizo niijue lugha ya baba yangu na kaburi lake, na nilienda. Nilikula asali mpaka nikaumwa. Kisandawe nilijifunza vibaya; vile vidoko vyao, sauti za kualisha ulimi, nilivyovitoa viliwachekesha bibi zangu, hadi leo wananisimulia. Niliwapenda. Likizo ikiisha Mama alikuwa anasimama stendi kabla basi halijafika, mikono nyuma, akijifanya amepita tu.

Baadaye nilisoma zaidi, nikajua mlenda hauendi kokote karibu na kiini. Tumbo linauvunjavunja mapema sana, na mwili unatengeneza ute wake bila kujali ulikula bakuli la nani. Nyuzi zangu zote ni za Chemba na zitabaki za Chemba. Mwanya haukuota na hautaota. Siku nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, halafu nikaacha, kwa sababu lilibaki swali ambalo kitabu hakikuwa nalo. Kile kidole kiliingia kupitia wapi? Nyemo aliyetoka tumboni mwa Mama hana mkono huo. Mpaka leo anainua tonge juu akionyesha paa.

Jumapili iliyopita nililishusha lile kopo. Sijui kwa nini siku ile. Labda mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ukanuka kama shamba la Mama. Niliweka maji, chumvi, magadi kidogo, nyanya, nikamimina unga wa mlenda wote nikipekecha, sikubakiza. Nikasonga ugali wa uwele. Nikaweka bakuli moja mkekani, kati yangu na Wema.

Wema ni mtoto wa wali na chipsi. Mlenda kwake ni mboga ya kwa Bibi, anaichota pembeni pembeni akikunja pua, kama mimi zamani. Lakini siku hiyo alikuwa ametoka mpirani na njaa. Alikata tonge, akachovya, akalizungusha kidogo, na kidole chake kidogo, chenye rangi ya kucha iliyobanduka, kikapita kwenye ukingo wa bakuli. Uzi ukakatika.

Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?"

Aliinua uso, macho madogo ya Baba mkubwa, mdomo umejaa.

"Kufundisha nini?"

Nikamsogezea bakuli.